Mamluki Watatu na Ukuta wa Levo 13

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza gemu ya simu ya kuigiza wahusika, inachezwa mtandaoni, na tumeiachia watu waijaribu. Mhusika anapanda mpaka levo 50. Kila levo inadai pointi za uzoefu mara mbili ya levo iliyotangulia, na mazimwi wa kila levo wanatoa pointi mara moja na nusu ya wale wa levo ya chini yake. Levo ya kwanza inamalizika kwa kama dakika mbili. Kikosi cha kuingia mapangoni ni watu wanne. Kwa kuwa usiku tunakuwa na wachezaji kama 60 tu, tuliweka mamluki wanaoendeshwa na kompyuta, wa kukodi kwa dhahabu: mlinzi, mganga na mpiga mishale. Sasa tuna balaa mbili. Wengi wanaacha gemu wakiwa kati ya levo 11 na 13. Na wanaobaki hawachezi tena pamoja, kila mtu anatembea na mamluki wake watatu. Mwenzangu mmoja anasema tuwapunguzie mamluki nguvu, mwingine anasema tuwafute kabisa. Wachezaji wetu wengi hukaa nusu saa hivi kisha wanatoka, sababu ya bando. Tunaomba ushauri wako.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni. Watu watatu kufikisha gemu ya mtandaoni mikononi mwa wachezaji si jambo dogo.

Msiwafute mamluki, na msianze kwa kuwapunguzia nguvu. Mamluki wenu wanabeba lawama ambayo nusu yake ni ya hesabu ya levo. Balaa hizo mbili ulizozitaja ni moja: mmepanga namba kabla ya kupanga muda wa mchezaji, na mamluki wakaja kuziba pengo ambalo hesabu yenu wenyewe ililichimba. Nitaanza na hesabu, maana bila kuirekebisha hiyo, lolote mtakalowafanyia mamluki litakuwa kazi bure.

Gharama ya levo mnaizidisha kwa 2 na mapato mnayazidisha kwa 1.5. Gawanya moja kwa nyingine: ikiwa kasi ya mchezaji ya kuua mazimwi haibadiliki, kila levo inachukua muda wa levo iliyopita mara 1.33. Kwa macho ni namba ya upole kabisa. Sasa ifuate. Ukianza na dakika 2, kutoka levo 10 kwenda 11 ni kama dakika 27. Kutoka 11 kwenda 12 ni dakika 36. Kutoka 12 kwenda 13 ni dakika 47, na inayofuata ni saa nzima na dakika tatu. Endelea mbele: kutoka 20 kwenda 21 ni karibu saa nane. Kutoka 30 kwenda 31 ni saa 140. Na hatua ya mwisho, 49 kwenda 50, ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kucheza usiku na mchana bila kulala. Levo 50 mliyoitangaza haipo. Hakuna mtu atakayeiona.

Tazama tena pale wanapoachia. Umesema mchezaji wenu hukaa nusu saa. Mpaka levo 11, kila anapofungua gemu anatoka na levo angalau moja mkononi. Kuanzia hapo, kwa mara ya kwanza, anatumia bando lake, anacheza vizuri, anatoka, na namba iliyo juu ya kichwa cha mhusika wake ni ileile aliyoingia nayo. Kesho yake tena hivyo hivyo. Hajakasirika, wala hawezi kukuandikia malalamiko, kwa sababu hajui ni kitu gani kimebadilika. Anaona tu kwamba gemu imepoa. Huo ndio ukuta wenu, na umekaa palepale hesabu inaposema ukae.

Usidhani mkunjo wa levo, yaani namna gharama inavyopanda levo hadi levo, ni kosa kwa wenyewe ukipanda kwa kasi. RuneScape, gemu ya mtandaoni ambayo ipo tangu 2001, inapandisha gharama kwa takriban asilimia 10 kila levo, hivyo inajirudufu kila baada ya levo saba. Kufika levo 99 katika ujuzi mmoja kunahitaji pointi 13,034,431, na nusu ya safari hiyo inaangukia levo 92. Ni mlima mkali, lakini watu wanaupanda kwa sababu mbili. Kwanza, ujuzi upo wa aina nyingi; ukichoka kukata miti unakwenda kuvua samaki, na huko unaanza levo za chini zinazopanda haraka. Pili, kadiri unavyopanda, njia za kuchuma pointi zinakuwa za kasi zaidi. Nyinyi mna ngazi moja tu, na mchezaji akigota hapo hana pa kwenda. EverQuest ya 1999 nayo ilikuwa na levo fulani ambazo gharama yake iliruka ghafla bila sababu ambayo mchezaji angeweza kuiona. Wachezaji waliziita levo za jehanamu, na bado wanazikumbuka kwa uchungu.

Basi geuzeni mpangilio. Anzeni na dakika. Chukueni karatasi, mwandike kila levo mnataka ichukue dakika ngapi kwa mchezaji wa kawaida, halafu mzidishe kwa pointi anazoweza kuchuma kwa dakika akiwa levo hiyo. Jibu ndilo linakuwa gharama ya levo. Pointi ziwe matokeo ya hesabu, zisiwe chanzo chake. Kwa wachezaji wa nusu saa ningependekeza hatua tisa za kwanza ziwe na wastani wa dakika 8, ishirini zinazofuata wastani wa dakika 40, na ishirini za mwisho dakika 90. Jumla ni dakika 2,672, yaani saa 44 na nusu. Anayecheza nusu saa kila siku atafika levo 50 baada ya miezi mitatu hivi. Kama mnaona miezi mitatu ni michache, ongezeni vitu vya kufanya levo 50, msirefushe barabara. World of Warcraft iliendelea kurefusha barabara kila ilipotoa toleo jipya hadi ikafika levo 120, na mwaka 2020 wakairudisha kwenye 60. Kampuni kubwa kama ile, yenye watu wote wale, ilibidi ikate ngazi yake katikati.

Utaona kwamba hata katika mpango wangu levo za kati zinapita nusu saa. Ni sawa, mradi kila kikao kimpe mchezaji kitu cha kuondoka nacho hata pale ambapo levo haijapanda. Na hapa kuna swali ambalo hukuniuliza, ambalo kwangu ni zito kuliko mkunjo wenyewe: levo ya gemu yenu inampa mtu nini? Kama ni damu zaidi na pigo zito zaidi, basi hujampa kitu, maana zimwi la levo hiyo nalo limeongezewa damu na pigo. Mmeongeza sifuri pande zote mbili za mizani. Kukua kwa kweli ni pale mchezaji anapoweza kufanya leo jambo ambalo jana hakuweza, au anapolazimika kuchagua kati ya mambo mawili anayoyataka yote.

Guild Wars ya 2005 iliweka kikomo cha levo 20 tu. Mtu alifika huko mapema, na sehemu kubwa ya gemu ilikuwa bado mbele yake. Kilichoendelea kukua ni mbinu alizozikusanya: zilikuwa mamia, na katika pambano aliruhusiwa kubeba nane peke yake. Akirudi mjini anazipanga upya bila kulipa. Kinyume chake ni Diablo II. Ilitoka mwaka 2000 ikitoa pointi tano za mwili na moja ya ujuzi kila levo, na ukishaziweka umeziweka. Ukikosea levo 30, utalijua kosa hilo levo 70. Matokeo yake watu waliacha kujaribu wenyewe, wakawa wanafuata mpangilio ulioandikwa na mtu mwingine hatua kwa hatua. Ruhusa ya kupanga pointi upya ilikuja mwaka 2010, miaka kumi baadaye. Nyinyi wekeni ruhusa hiyo siku ya kwanza, kwa dhahabu kidogo. Chaguo zito liwe kila baada ya levo tano hivi, na katikati yake mchezaji apate vitu vidogo: mnyama wa kupanda, pango jipya, mahali pa kuhifadhia zana.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa kwa mtu wa bando. Wakati World of Warcraft ikiwa kwenye majaribio, kabla haijatoka rasmi mwaka 2004, waliweka kwamba ukicheza muda mrefu mfululizo pointi zako zinapungua nusu. Wachezaji walichukia. Wakageuza maelezo: aliyepumzika anapata mara mbili, na akiendelea sana anarudi kwenye kiwango cha kawaida. Hesabu ikabaki karibu ileile, na kelele zikaisha. Mchezaji wenu aliyekaa siku mbili bila bando akirudi akute amewekewa akiba ya pointi mara mbili kwa nusu saa yake ya kwanza. Pengo kati yake na mwenye Wi-Fi ya nyumbani litapungua, na pengo hilo ndilo linatufikisha kwenye mamluki.

Fikiria usiku wenu wa watu 60. Tuseme wametawanyika sawasawa kwenye levo 50, na pango linakubali watu wanaopishana levo tatu juu na tatu chini. Mtu mmoja basi ana levo saba za kutafutia wenzake. Humo wamo watu wanane hivi, yeye mwenyewe akiwemo. Ondoa walio katikati ya misheni nyingine, walio sokoni wanauza zana, na yule aliyeacha simu mezani akaenda kula. Atapata wapi watatu, tena mmoja wao awe mganga? Kabla ya kusema wachezaji wenu hawapendi kucheza pamoja, jiulizeni kama waliwahi kupewa nafasi hiyo.

Dawa yake ni ya zamani. City of Heroes ya 2004 ilimruhusu mwenye levo ya chini apandishwe kwa muda awe msaidizi wa rafiki yake mkubwa. Final Fantasy XI mwaka 2008 ilifanya kinyume: kikosi kizima kinashushwa kwenye levo ya mmoja wao, na kila mtu anaendelea kuchuma pointi. Kwenu njia ya pili ni rahisi zaidi, kwa sababu kumshusha mtu hakuvunji mapango yenu, ila kumpandisha wa levo 5 aingie pango la levo 40 kutamletea mbinu asizozijua na atakufa kila dakika. Mkishafanya hivyo, yule mwenye levo saba za kutafutia anakuwa na levo zote 50. Watu 60 walewale wanageuka umati.

Sasa mamluki wenyewe. Msidhani ni uvivu wa zama hizi. Dungeons & Dragons, iliyotoka 1974 ikichezwa kwa karatasi na dadu, ilikuwa na watu wa kukodi tangu mwanzo. Katika kanuni zake za msingi za 1981, haiba ya mhusika ndiyo iliyoamua anaweza kukodi wangapi, kuanzia mmoja hadi saba, na pia moyo wao wa kubaki mambo yakiharibika. Mtu wa kukodi alipata nusu ya fungu la uzoefu kwa sababu anafuata amri, haamui mwenyewe. Kila kitu unachokitafuta kimo katika sentensi hizo mbili: idadi ina kikomo kinachotokana na mhusika, utii una bei, na kukua kwao kuko nyuma ya kukua kwako.

Gemu za mtandaoni ziliwarudisha mamluki kwa sababu ileile iliyowasukuma nyinyi, yaani watu wachache waliotawanyika. EverQuest iliwaingiza mwaka 2008, ikiwa tayari na miaka tisa na wapya wakiingia kwenye levo za chini zisizo na mtu. Final Fantasy XI ilifuata mwishoni mwa 2013. Hata World of Warcraft, yenye watu wengi kupindukia, mwezi Januari 2024 iliruhusu mtu kuingia baadhi ya mapango na wenzake wa kompyuta. Kwa hiyo anayesema muwafute anawaomba mkarudi kusubiri usiku kucha mtu wa nne. Hapana.

Ila angalieni ushindani mliouweka. Mamluki wenu anakuja palepale, hachelewi, habishi, hadai fungu la nyara, hakatiki mtandao, na anapona majeraha yako bila kuombwa. Binadamu hawezi kumshinda huyo hata mkimpunguzia mamluki nguvu kwa robo. Mtaishia na mamluki dhaifu ambaye bado anachaguliwa kuliko binadamu, na wachezaji wenye hasira. Kinachotakiwa ni kumpa bei, na kumwachia binadamu kazi ambayo mamluki haiwezi.

Nianze na bei. Katika Guild Wars mamluki wa mjini walikuwa wa bure kuwachukua, ila waligawiwa sehemu ya dhahabu na nyara kama mtu mwingine yeyote wa kikosi, na kilichoangukia fungu lao hukukiona tena. EverQuest walichagua ujira: unalipa unapomchukua, kisha unalipa tena kila baada ya muda fulani. Kwenu ningechanganya. Mamluki wa kwanza achukue asilimia 10 ya dhahabu inayopatikana, wa pili asilimia 20 nyingine. Wa tatu asiwepo. Msiweke bei moja ya kudumu kama dhahabu 500, kwa sababu levo 8 hiyo ni mali na levo 40 ni chenji ya kuachia muuzaji. Asilimia inapanda pamoja na mtu. Na hapo binadamu wawili na mamluki wawili wanakuwa kikosi cha kawaida cha usiku, jambo ambalo kwa watu 60 linawezekana kabisa.

Halafu wafanyeni sehemu ya kukua kwa mhusika. Leo mmewaweka dukani, mtu yeyote mwenye dhahabu anawachukua. Wahamisheni wakae kwenye ngazi: mamluki wa kwanza afunguliwe levo 12, wa pili levo 25. Umeona nilivyochagua 12? Ni palepale watu wanapowakimbia. Yule aliyekuwa anatoka mikono mitupu sasa anapata kitu kinachobadilisha namna ya kucheza.

Wakue kwa namna gani? Diablo II ina somo zuri hapa. Mwaka 2000 mamluki alikuwa wa kutupa: akifa amekufa, na ukihamia sehemu inayofuata ya hadithi hakufuati. Hakuna aliyemjali. Toleo la nyongeza la 2001 lilimpa mamluki haki ya kuvaa kofia, vazi na silaha, kufuatana nawe hadi mwisho, na kufufuliwa kwa dhahabu. Mara moja watu wakaanza kuwatafutia zana, tena wakati mwingine nzuri kuliko zao wenyewe. Hilo ndilo la kuiga. Lakini lipo na la kuepuka. Mamluki wa jangwani wa sehemu ya pili walibeba nguvu inayowazunguka wote walio karibu, kitu ambacho mamluki wengine hawakuwa nacho, na idadi kubwa ya wachezaji ikaishia kwa huyohuyo mmoja. Mkimpa mamluki mmoja kitu cha pekee ambacho kila mtu anakihitaji, mmewafuta wengine bila kujua. Kwenu hatari hiyo ipo kwa mganga.

Nikuoneshe kwa karibu. Tuseme bosi wa pango, yaani zimwi lake kubwa, anampiga mchezaji kwa wastani wa 55 kwa sekunde, mganga wa kukodi anaponya 50 kwa sekunde, mchezaji ana damu 600, na bosi anakufa baada ya sekunde 90. Mchezaji anapungukiwa 5 kwa sekunde, anamaliza pambano akiwa na damu 150. Anaweza kuweka simu mezani, akaenda kuchemsha chai, akarudi kuokota nyara. Mwenzako anaona tatizo ni ile 50, anataka iwe 40. Fanya hivyo uone: sasa anakufa sekunde ya 40 na hana la kufanya, kwa sababu hakuna kilichokuwa mikononi mwake tangu mwanzo.

Badala yake acha namba zilezile, badilisha umbo lake. Bosi apige 20 kwa sekunde, na kila sekunde ya nane ainue rungu, sekunde moja nzima ionekane limeinuka, kisha ashushe pigo la 280. Piga hesabu: kwa sekunde nane ni 160 jumlisha 280, yaani 440, sawasawa na 55 mara nane. Hujaongeza hata tone. Lakini mganga hawezi kuponya damu iliyojaa, hivyo sekunde nane za mwanzo uwezo wake mwingi unamwagika. Pigo la kwanza linamshusha mchezaji hadi 320, na kila pigo linalofuata linamkuta chini kwa 40 zaidi. Aliyeenda kuchemsha chai anakufa sekunde ya 72. Anayeliangalia rungu akaruka pembeni, hata akikwepa mara moja katika kila mara mbili, anatoka salama. Na mkimpa mganga binadamu uwezo wa kuweka kinga kabla pigo halijatua, huku mganga wa kukodi akijua kuponya tu baada ya kuumia, mmeshamaliza ugomvi wa nani ana thamani zaidi bila kumgusa mamluki. Mamluki awe kama saidia fundi: anabeba tofali na kuchanganya zege, ila ukuta ukipinda anayeulizwa ni fundi.

Star Wars: The Old Republic ilipita njia ya namba. Mwishoni mwa 2015 waliruhusu kila mwenza wa kompyuta afanye kazi yoyote, ulinzi, uganga au upigaji. Wenza wakawa na nguvu kupita kiasi, muda mfupi baadaye wakapunguzwa, na malalamiko yakaja upande wa pili. Mkianza kupandisha na kushusha namba ya mamluki kila wiki mtazeeka nayo.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mlijenge kuliko yote niliyoyasema, hata likiwachukua muda. Dragon's Dogma ya 2012 ilikuwa gemu ya kucheza peke yako, lakini mwenza wa kila mchezaji aliweza kukodiwa na wachezaji wengine kupitia mtandao. Wenza wa levo yako au chini yake walikuwa wa bure, wa juu yako walilipiwa. Uliyemkodi hakupanda levo akiwa nawe, kwa hiyo ulilazimika kurudi kutafuta mwingine kila ulipokua. Na wako naye alirudi nyumbani na alichojifunza safarini, pengine na zawadi.

Hamishieni hilo kwenu. Mchezaji bando likiisha saa tatu usiku, mhusika wake, pamoja na zana na mbinu alizochagua, abaki kambini akodiwe na wengine. Seva, yaani kompyuta kuu ya gemu, ichukue picha ya hali yake wakati anatoka, impe akili ya kompyuta, imshushe kwenye levo ya anayemkodi. Ile asilimia 10 ya dhahabu, badala ya kupotea hewani, sehemu yake iende kwa mwenye mhusika. Asubuhi akifungua gemu anakuta alikodiwa na nani, wakaingia pango gani, na ujira wake. Wekeni kikomo cha malipo kwa siku, la sivyo marafiki watakodishana wenyewe kwa wenyewe usiku kucha kuchota dhahabu. Watu wasiopatana muda wa kuwa hewani wataanza kujuana majina. Aliyesaidiwa na mganga wa mtu usiku atamtafuta mtu mwenyewe mchana, na hapo mamluki ndiye aliyewakutanisha.

Akili hiyo hiyo ya kompyuta itumieni mahali pengine: mtandao wa mchezaji ukikatika katikati ya pango, mhusika wake aendelee kupigana kama mamluki kwa dakika tatu au nne. Akirudi anashika usukani wake. Kwa mitandao yetu, hilo peke yake litaokoa vikosi vingi kuliko jambo lolote la ustadi mtakalobuni. Na hesabu zote za mamluki zifanyike kwenye seva, simu ioneshe tu. Mkiiachia simu ihesabu uponyaji, baada ya muda mfupi mtaona nakala zilizochakachuliwa zenye mganga anayeponya elfu tano kwa sekunde.

Mkija kutaka kuuza kitu kwa pesa ya simu, uzeni mavazi na majina ya mamluki, msiuze mamluki mwenyewe wala nguvu zake. Ukishauza nguvu huwezi kuirekebisha tena bila kuonekana tapeli.

Kuhusu utaratibu: wiki za mwanzo badilisheni mkunjo wa levo na mruhusu kushuka levo kwa ajili ya marafiki, kisha mngoje. Mamluki msiwaguse kwanza, maana mkibadilisha vyote pamoja hamtajua kipi kilifanya kazi. Tazameni namba mbili tu. Ya kwanza ni safari ngapi za pangoni zilikuwa na binadamu wawili au zaidi, ya pili ni mtu anasubiri muda gani tangu abonyeze kutafuta kikosi hadi anapoingia. Namba ya kwanza ikipanda bila kuwagusa mamluki, mtajua kiasi gani cha lawama hakikuwa chao. Ndipo mlete ujira, kikomo cha wawili na mabosi wa rungu. Walio katikati ya levo wahamishiwe asilimia yao: aliyekuwa nusu ya levo 12 ya zamani abaki nusu ya levo 12 mpya. Walio chini ya 12 wenye mamluki tayari waacheni nao mpaka wafike. Na kila aliyenunua mamluki wa tatu arudishiwe dhahabu yake yote, pamoja na zana alizomvisha, akiziona kwenye sanduku lake siku hiyo hiyo ya mabadiliko kabla hajaanza kuuliza.